Risala Fupi Juu ya Ugongaji wa Injini, kwa Mujibu wa Wasikilizaji wa Bongwe

Ugongaji, kwa istilahi, ni mlio wowote utokao kwenye injini ambao jana haukuwapo. Wapo wanaoongeza sharti kwamba mlio huo usikiwe na watu wawili au zaidi. Sharti hilo likipita, Nissan zote za Ukunda na Likoni zitatoka nje ya taaluma, kwa kuwa muziki unaopigwa humo haujawahi kuruhusu mlio wowote kuthibitika.

Kabla ya kuainisha, sharti uchunguzwe mnyororo wa wapokezi. Mwenye matatu aliyeketi kwake Bongwe haisikii injini yake, anasimuliwa. Makanga amemwambia dereva, dereva amempigia simu mwenye gari, naye mwenye gari ameuiga mlio kwa mdomo mbele ya fundi pale Ukunda, huku vijana wa gereji wakitazamana. Mlio uliotoka kwa makanga ukiwa “tiki-tiki” humfikia tajiri ukiwa “ngo-ngo” iwapo dereva anataka siku ya kupumzika. Iwapo dereva ana abiria wa Lunga Lunga jioni ile, haufiki kabisa.

Kwa sababu hiyo risala hii inaukataa uainishaji wa wazee wetu, ule wa mlio mkubwa na mlio mdogo. Ukubwa hutegemea msimulizi. Kinachosimama peke yake ni wakati. Usiulize mlio ukoje. Uliza unalia lini: injini ikiwa baridi au imepata moto, gari likiwa tupu au limebeba, mafuta yakikanyagwa au yakiachiliwa.

Tabaka la kwanza ni la tapeti, ambalo hulia wakati wote. Makao yake ni juu, chini ya kifuniko cha hedi, na mlio wake ni mwepesi na wa haraka, kama cherehani barazani. Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Basi injini ikinguruma palepale kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400 tu, na sikio lililozoea huutambua mwendo huo wa nusu. Anayetaka ushahidi zaidi hushika bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya hedi na mpini akaubana kwenye mfupa wa sikio. Madaktari wa Msambweni wana stethoskopu, sisi tuna bisibisi, na mgonjwa wetu hakohoi akiambiwa akohoe.

Hapa pana suala ambalo wengi hulipita. Nafasi ya tapeti ni sehemu ndogo ya milimita, mara nyingi kati ya 0.2 na 0.4. Ikizidi, hugonga. Ikibanwa kupita kiasi, mlio hutoweka, tajiri hufurahi na kumpa fundi hela ya soda, na valvu huanza kuungua kwa kuwa haifungi sawasawa. Kwa maoni yangu, tapeti inayolia kidogo ni bora kuliko iliyonyamazishwa kwa spana.

Tabaka la pili hulia mlimani. Hapa Pwani milima ni michache, kwa hiyo maabara ya kudumu ni barabara ya kutoka Kombani kupanda Kwale mjini: gari limejaa, gia ni kubwa kuliko inavyostahili, dereva amekanyaga, na injini inatoa mchakacho kama wa misumari. Chuma hakijagusa chuma. Ni mchanganyiko wa petroli na hewa unaolipuka wenyewe pembeni mwa silinda kabla moto wa plagi haujaufikia.

Mlio huu ndio wenye historia nzito kuliko yote. Mwaka 1921, huko Dayton, Ohio, Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia petroli kiasi kidogo cha kemikali yenye madini ya risasi, mchakacho unakoma. Ulikoma kweli. Risasi nayo ikatoka kwenye egzosti na kuingia katika damu za watoto wa dunia nzima, na Midgley mwenyewe iliwahi kumfanya augue. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Mwezi wa Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho, nayo imeacha. Karibu karne nzima ilipita binadamu akinywa sumu ili asisikie injini ikichakacha mlimani. Baada ya hapo nani atamcheka dereva wa Likoni kwa kupandisha sauti ya redio?

Wachanganyaji wa mafuta nao wana mchango wao katika tabaka hili. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hulipuka mapema zaidi, na ndiyo maana gari lililokuwa kimya Jumatatu huchakacha Jumanne baada ya kujazwa mahali pa bei nafuu. Mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili uchanganyaji ukose faida. Mama anayewasha koroboi Bongwe akajikuta anachangia utulivu wa injini za watu.

Tabaka la tatu ni konrodi. Hili hulia injini ikiwa moto, hasa mguu ukiinuliwa kutoka kwenye mafuta: ngo, ngo, ngo, nzito, kutoka chini karibu na sampu. Beringi laini zilizo kati ya konrodi na krenkshafti huelea juu ya utando wa oili mwembamba mno, na zikilika, chuma hukipiga chuma. Ungamo lake husikika kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambapo oili imechemka na kuwa nyepesi, injini inazunguka polepole, na pampu haina nguvu. Kuthibitisha, fundi huchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, au kwa dizeli hulegeza nati za paipu za nozeli. Silinda yenye hatia ikizimwa, mlio hupungua. Baada ya hapo krenkshafti hupelekwa Mombasa ikachongwe robo ya milimita. Ipo shule nyingine inayomimina oili nzito na kusubiri. Ukiona mtu anafanya hivyo na gari lina tangazo la kuuzwa kwenye kioo, bisibisi haihitajiki.

Milio ya kugonga isiyo ya injini nitaitaja tu: bati la kukinga joto la egzosti, lililolegezwa na barabara zetu za mawe, na jeki isiyofungwa chini ya kiti. Nazi iangukayo juu ya boneti hugonga mara moja, kwa hiyo haimo.

Limebaki tabaka lenye utata, la pistoni baridi. Silinda ikishalika, pistoni huyumba na kupiga ukuta alfajiri. Ikipata moto hutanuka, na baada ya dakika chache hunyamaza. Gari likitoka Bongwe likigonga, hufika gereji Ukunda limepona, na mwenyewe huonekana mzushi. Wengine hushauri gari lilale gereji, lakini matatu iliyolala haileti hesabu. Rai yenye nguvu ni kulivuta kwa kamba alfajiri, injini ikiwa imezimwa. Tatizo ni kwamba fundi hufika saa tatu, na kufikia hapo dereva ameshawasha injini apate kuchaji simu.