Neema Mwenye Upara

Mwenzangu, wewe ukiita gari kwa simu huwa unaulizwa nini? Maana mimi nahojiwa kama naomba kazi ya ulinzi benki. Simu inalia. "Bosi, uko wapi?" Si unaniona kwenye ramani, kijana? "Nakuona, ila uko wapi?" Nataja. "Unaelekea wapi?" Nataja. "Unalipa kashi au kadi?" Kashi. Kadi gani, mimi niliyonayo ni ya mpiga kura. "Haya, nakuja." Haji. Natazama kigari kwenye kioo cha simu, kimeganda palepale. Dakika nne. Nageuka kufukuza nzi, naambiwa dakika saba. Kigari kinaamka, kinakata kona, kinaelekea Mabibo. Mabibo kaitwa na nani? Mwisho ujumbe unaingia: "Bosi futa ww, mm nikifuta nafungiwa." Yaani nifute mimi, nikatwe hela mimi, kwa sababu mtu kaenda Mabibo kula chipsi mayai.

Akija napo ni kasheshe. Mimi nakaa Tabata, nyuma ya kanisa, unaacha duka la Mangi kushoto, unamuuliza mama wa maandazi. Hayo ni maelekezo yaliyonyooka, hata barua za mkopo hufika. Lakini ramani imeamua naishi bonde la Msimbazi. Dereva anasimama upande wa Kigogo anapiga honi. Nampigia, anasema, "Mzee nipo kwenye pini." Pini ipo mtoni, kijana, mimi nipo nchi kavu. "Namba ya nyumba?" Ni kweli mwaka 2022 walipita na anwani za makazi, wakaweka namba. Sasa namba ya kwangu nani anaijua? Mimi mwenyewe huwa natoka ndani, sisomi mlango.

Ila bei yake tamu, lazima niseme. Unaiona kabla hujapanda. Kule kijiweni kwa madereva teksi, chini ya mwarobaini, bei huijui mpaka ukaguliwe. Unauliza Kariakoo kiasi gani, jamaa anaanza kutazama viatu. Kisha mfuko wa shati. Kisha mawingu. "Elfu ishirini." Unasema saba. Hakasiriki, anawaita wenzake waje wasikie. "Eti saba! Rudia, Baba Neema, hawa hawajasikia." Narudia mimi. Wanacheka mpaka mmoja anakaa chini. Unaingia kwa kumi na tano huku umeshukuru.

Hujafika barabara kubwa, "Tupitie sheli." Mnapita. "Nipe kumi kwanza niweke mafuta." Hapo wewe si abiria tena, ni mbia wa kampuni. Unataka kufungua kioo, kishikio hakipo, anacho dereva mfukoni, ukikihitaji unaazimwa kisha unarudisha. Mlango unafunguliwa kwa nje. Na habari zote za ulikokwenda, ulibeba nini, ulinuna vipi, jioni zinajadiliwa kwenye bao.

Lakini sikiliza. Usiku ule Mama Neema aliposhikwa na uchungu wa mwisho-mwisho, mimi nilikuwa nazunguka sebuleni natafuta bando. Nani alikuja? Mzee wa kijiweni, na msuli wake kiunoni, Mark II inakohoa mtaa mzima. Hakuuliza kashi wala kadi. Pesa aliandika kwenye daftari. Mpaka leo yule mzee ananikopesha. Mwisho wa mwezi ukigoma, anageuza ukurasa. Apu haikopeshi. Nimejaribu. Niliandika kule kwenye "Msaada" kwamba nitalipa tarehe 30 Mungu akipenda. Nikajibiwa nikadirie huduma yao.

Halafu mvua. Kipo kitu kinaitwa "mahitaji ni makubwa". Mimi nadhani kuna jamaa kakaa ghorofani, kazi yake kutazama mawingu dirishani, akiona jeusi anabonyeza kitufe. Mvua inanyesha Kimara, mimi Tabata juani, safari ya elfu saba imekuwa kumi na tatu. Na wa kijiweni mvua ikinyesha anapandisha vilevile, tena bila aibu. Ila yeye naweza kumwambia, "Acha hizo, nilikuja kwenye harusi yako." Simu utaiambia nini?

Siku moja tumekwama foleni ya Buguruni, kijana mwenye IST akanifungukia. AC kazima. Namuuliza mbona tunaiva, akasema, "Mzee wangu, unajua nakatwa ngapi?" Akanipigia hesabu. Kampuni ikichukua robo, kwenye elfu nane yako elfu mbili imeondoka hata hujashuka. Bado mafuta. Bado bando, maana gari lenyewe linatembea kwa intaneti. Bado hesabu ya bosi mwenye gari kila wiki, mkataba ukiisha gari liwe la kijana, kama litakuwa bado lina magurudumu. Na wanauliza kashi kwa sababu hela ya kadi inapitia kwanza kwa kampuni, na sheli haimsubiri mtu. Akasema ule ugomvi wa kamisheni ndio uliofanya Uber, walioingia Dar mwaka 2016, wazime huduma Aprili 2022. LATRA, wasimamizi wa usafiri, walisema mwisho kukata asilimia 15. Jamaa wakafunga virago, wakarudi Januari 2023, kiwango kiliposogezwa hadi 25.

Mwenzangu, we! Mimi miezi yote ile nilijua simu yangu mbovu. Niliipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akaipuliza, akachukua hela yangu, akasema ni softiwea.

Nikamhurumia yule kijana, jasho linanitoka lakini nikamhurumia. Tunakaribia Kariakoo ananiambia, "Mzee wangu, safari ya kurudi tufanye nje ya apu, chukua namba yangu." Kiasi gani? Akatazama viatu vyangu.

Tena hujui kilichonikuta cha akaunti. Alinifungulia binti yangu, akaweka jina lake, Neema, na picha ni yeye kavaa miwani ya jua Coco Beach. Kubadilisha inataka nywila, na nywila anaijua mwenyewe, yuko chuo Dodoma, hapokei simu mpaka aishiwe hela. Kwa hiyo mimi mjini ni Neema. Vijana wasiopiga simu kwanza wanakuja mbio, haijawahi kutokea dakika nne ikawa nne kweli ila hapo. Muziki wa taratibu. Gari linanukia. Kioo kinashuka. "Neema?" Najibu ndiyo. Nina upara, nina kandambili, nina debe la mawese na jogoo kafungwa miguu. Uso wa yule mtoto, jamani. Mmoja aliuliza kama Neema anakuja nyuma. Nikasema hapana, ndiyo mimi, fungua buti. Kimya mpaka Ilala. Muziki akazima.

Na kumbe na wao wanatupa nyota! Nilidhani mimi ndiye hakimu. Nawagawia tatu tatu, nyota tano nazitunza za dharura. Siku moja shemeji kaishika simu yangu, "Ah, shem, una 3.8? Unawafanyia nini?" Sijafanya kitu! Jogoo ndiye aliyefanya, tena kwenye mkeka wa mbele, nikafuta kwa gazeti. Mama Neema ana 4.9. Tukitoka pamoja sasa gari anaita yeye, mimi naambiwa nijifiche nyuma ya nguzo mpaka lisimame.

Juzi nimebanwa, nina kikao mjini, kijiweni hakupitiki kwa sababu daftari limefika mwisho wa kurasa. Nikapita uchochoroni, nikajibanza kwenye ukuta wa kanisa, nikabonyeza simu. Ikakubali hapohapo. Dakika moja. Shilingi 7,200. Nikasema haya ndiyo maendeleo. Mara nasikia kikohozi ninachokijua. IST nyeupe, ya mkopo, simu imening'inizwa kwenye kioo, nyuma ya usukani mzee wa kijiweni, kanyoa ndevu.

"Kumbe Neema ni wewe, Baba Neema."

Nikapanda. Ningekimbilia wapi, na pini safari hii ilikuwa imepatia. Hatukuongea bei, simu ilishaongea. Kufika Posta nikampa elfu kumi, nikanyoosha mkono nisubiri chenji. Akafungua droo ya gari, akatoa daftari jipya, akalamba kidole, akaandika 2,800.

"Imebaki themanini na moja na mia mbili," akasema. "Na usinipe nyota tatu, mwanangu anasema chini ya nne nafungiwa."