Mwalimu Alipoamuru Tupumzike

Nyumbani kwetu, karibu na mto Mulongwe, anayeamka wa kwanza ni sufuria. Kila jioni tunaiweka tupu chini ya bomba la uani, bomba tunaliacha wazi, halafu tunalala. Maji ya mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, hayana ratiba: yanakuja umeme wa kusukuma pampu ukiwepo, na umeme nao una hiari yake. Yakija saa nane za usiku, mchirizi wa kwanza unaigonga sufuria, mimi naruka kitandani, na kazi ya siku imeanza. Najaza bidoni moja baada ya nyingine. Kukikaribia kupambazuka nateremka ufukweni kungoja mitumbwi ya ndagala, dagaa ninaowanunua na kuwaanika.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini tusilale hadi asubuhi, kisha tuteke maji ya ziwa. Ziwa si lipo pale pale, Tanganyika yenyewe, refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani? Jibu liko hospitalini. Kuna watafiti walipekua daftari za wagonjwa wa kipindupindu wa Uvira, za kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na kiasi cha maji kilichotoka mtamboni siku kwa siku. Walichapisha matokeo yao mwaka 2015: bomba likikauka, siku chache baadaye wagonjwa wanaongezeka, na takriban robo ya wagonjwa wote ilitokana na upungufu wa maji ya bomba. Akina mama wa hapa hatukuwa tumesoma karatasi hiyo. Tulikuwa tumeuguza.

Kwa hiyo usingizi wangu una mlinzi, na mlinzi huyo ni sufuria. Lishike hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami pia, hata tukigombana. Asubuhi anafundisha shule ya msingi ya Serikali. Zamani wazazi walikuwa wanachanga ada ya kumwongezea mwalimu mshahara, tukiiita prime. Septemba 2019 Serikali ikafanya elimu ya msingi iwe bure. Watoto wakajaa madarasani hadi wengine wakakaa chini, jambo jema kwa watoto, ila prime ikafa siku hiyo hiyo. Mwalimu akatafuta shule ya pili, ya binafsi, ya sekondari, inayoingia mchana. Jioni anawafundisha ziada wale wanaojiandaa na mtihani wa Taifa. Usiku anasahihisha. Akirudi nyumbani sauti imekwisha, anaomba chumvi kwa kuonyesha kidole.

Siku moja alisikia redioni habari iliyomtia homa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikuwa yametoa hesabu yao mwaka 2021: katika mwaka 2016 pekee, watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mwalimu akachukua chaki, akajumlisha saa zake kwenye ukuta wa jikoni. Alipofika chini ya mstari wa jumla alinyamaza, akajishika kifua upande wa kulia, ambako moyo haupo, akaketi.

Kesho yake aliazima Sheria ya Kazi ya 2002 kwa rafiki yake. Imeandikwa humo kwamba kazi isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa wiki, na kwamba mapumziko ya kila wiki ni lazima, kwa kawaida Jumapili. Alinisomea kwa sauti ya mhubiri. Nilimuuliza kifungu cha maji ni kipi. Akapekua. Nikamuuliza kifungu cha ndagala. Akafunga kitabu.

Hata yeye mwenyewe, tukisema kweli, sheria ile inamwona nusu tu. Asubuhi ni mtumishi wa Serikali, na watumishi wa Serikali wana sheria yao nyingine. Mchana ni mwajiriwa wa shule ya binafsi, na hapo ndipo Sheria ya Kazi inapomkuta. Ya asubuhi haijui ya mchana, ya mchana haijui ya asubuhi, na ile ya jioni haijulikani na yeyote isipokuwa mimi. Kila moja ikimtazama inaona mtu ambaye hajachoka.

Basi akaamua kutunga ya kwake. Jumatano ile, baada ya kula, alisimama mlangoni akatangaza amri: kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi, katika nyumba hii, hakuna mtu kufanya kazi yoyote. Watoto walipiga makofi. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na ambaye hajawahi kukaa bure hata siku ya harusi yake, aliuliza kama kula ni kazi. Mwalimu akasema la. Akauliza kama kupika ni kazi. Mwalimu akasema tutapika kabla.

Katika neno hilo, "kabla", ndimo kazi yote ilimojificha.

Ili tupumzike Jumapili, ilibidi Jumamosi tuifanye iwe siku mbili. Sombe, yaani kisamvu, ya siku mbili ilitwangwa. Sare zote zilifuliwa, makaa yakanunuliwa, bidoni zikachotewa kwa jirani kwa kuwa bomba lilikuwa kavu tangu juzi yake. Asubuhi ile ile ilikuwa salongo ya mtaa, kazi ya pamoja tuliyoirithi zama za Mobutu, na Mwalimu alirudi kutoka huko na ari isiyokuwa na pa kwenda. Akauona mfereji mdogo unaopeleka maji ya bomba letu barabarani. Akaufukia, ili watoto wapate uwanja sawa wa kuchezea siku ya mapumziko. Ulipendeza kweli.

Mimi nilikuwa na ndagala mchangani, nusu mbichi nusu kavu. Kwa kawaida ningelala nikijua kwamba mapema nitawatandaza tena, lakini kutandaza ni kazi. Nikawaingiza ndani, nikawaweka kwenye mikeka sebuleni. Kando yao, sakafuni, Mwalimu aliweka marundo ya karatasi za mtihani za shule zote mbili, akayapiga kofi mgongoni akiyaambia Jumatatu.

Kabla ya kulala alifanya mambo mawili. Mlangoni aliandika kwa chaki: HAPA TUNAPUMZIKA. TAFADHALI USIBISHE HODI. Halafu akaenda uani, akaitazama sufuria yangu, akaona kwamba hiyo ndiyo adui mkubwa wa mapumziko katika nyumba yetu. Akaiondoa. Chini ya bomba akakunja gunia, tabaka juu ya tabaka, ili maji yakija yaanguke bila kelele. Bomba lenyewe hakulifunga. Kulifungua na kulifunga ni shughuli yangu, haijawahi kumpitia akilini.

Usiku huo maji yalikuja kama hayajawahi kuja. Tulilala wote kama magogo. Mimi nililala vizuri, lazima niseme, nilikuwa sijalala hivyo tangu nizae mtoto wa kwanza.

Yaliyotokea nje tuliyajua baadaye kwa mashahidi. Jirani wa upande wa juu alisikia mchirizi, akaja na bidoni mbili kunipigia ukelele niamke. Akafika mlangoni, akamulika kwa simu, akasoma. Ni mtu wa adabu. Akawaza: Mwalimu ameomba asisumbuliwe, na maji yanamwagika bure, Mungu hapendi. Akajaza zake, akawaita wa nyumbani kwake, nao wakawaita wenzao. Ikapangwa foleni uani kwetu, kimya kimya, watu wakipokezana bomba kwa minong'ono, na mtoto aliyepiga chafya akafinywa sikio. Wanasema haijawahi kuonekana foleni ya maji yenye amani namna ile. Baina ya bidoni na bidoni, maji yaliyomwagika yalitafuta mfereji wao wa siku zote. Mfereji ulikuwa umekuwa uwanja. Yakageuka, yakapita chini ya mlango.

Mama mkwe ndiye aliyeamka, kwa haja zake. Akashusha mguu kitandani, ukaingia majini.

Hapa sicheki, na msomaji wa Uvira naye hatacheka. Aprili 2020 Mulongwe ilifurika usiku, ikabeba nyumba na watu; makumi walikufa na maelfu kwa maelfu wakabaki bila paa. Mama mkwe alitolewa kwake siku ile akiwa na kitenge alichojifunga tu. Tangu hapo maji gizani kwake yana maana moja. Akapiga ukelele: "Mulongwe imekuja! Tokeni! Tokeni!" Nasi tukatoka. Mwalimu alibeba watoto wawili na godoro. Mimi nilibeba kisanduku cha fedha na, sijui kwa nini, mwiko. Mama mkwe, asiyeweza kufika sokoni bila kupumzika njiani, alitutangulia kuelekea mlimani.

Tulitoka mlangoni mbio, tukapita katikati ya foleni. Watu wakatupisha kwa heshima. Jirani wa juu, bidoni mkononi, akasema kwa sauti ya chini: "Mumeamkaje, Mwalimu?"

Ilituchukua hatua kadhaa kuelewa. Hakukuwa na mvua. Nyota zilikuwa zimejaa, taa za wavuvi ziwani zilionekana, na ng'ambo kule Bujumbura ilikuwa inawaka kama kawaida. Mama mkwe tulimkuta juu kabisa, akakataa kushuka mpaka alipoletewa kikombe cha hayo maji akayaonja.

Ndani, ndagala walikuwa wamerudi majini. Walielea sebuleni kati ya karatasi za mtihani, wamevimba, wanene kuliko walivyovuliwa. Wino wa wanafunzi ulikuwa umewaacha wenyewe ukawafuata samaki. Jumapili ile, siku ya mapumziko, hakuna aliyeketi. Tulitoa maji kwa masahani, tukatoa magodoro, tukafukua mfereji. Ndagala waliookoka niliwaanika juu ya chanja, na kwa kuwa chanja ndiyo iliyokuwa mahali pekee pakavu, Mwalimu alianika mitihani pembeni yao. Watoto walifukuza kuku na kunguru hadi jioni. Wiki iliyofuata darasa la nne walirudishiwa karatasi zinazonuka dagaa, na mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa upole kama mwanawe amepata alama au amepata mboga.

Ankara ya maji ilipokuja mwisho wa mwezi, waliokuwa kwenye foleni walichanga bila kuombwa. Kisha wakauliza tunapumzika tena lini.

Tuliketi baraza, mama mkwe akiwa kiti cha mbele. Mwalimu alijitetea kwamba amri ilikuwa njema, kilichoharibika ni utekelezaji. Mama mkwe akamwambia: "Mwanangu, wewe ulipumzisha sufuria. Hukumpumzisha anayeamshwa nayo." Hakuongeza neno, wala Mwalimu hakumjibu.

Mimi nikaleta pendekezo la ufukweni. Wavuvi wa ndagala wanafanya kazi usiku kucha, hakuna anayewahesabia saa, lakini wanapumzika kila mwezi, na hawakuandikiwa amri hiyo na mtu. Ndagala hufuata taa. Zamani zilikuwa za karabai, leo ni balbu za betri na za sola, lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, samaki hawakusanyiki, na mtumbwi ukitoka unapoteza mafuta tu. Siku hizo wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanaonana na wake zao. Hakuna ndagala wa kununua, kwa hiyo hata mimi sina pa kuteremka alfajiri. Mapumziko yapo tayari, yanakuja yenyewe, hayahitaji "kabla". Kinachobaki ni maji, na maji yanahitaji zamu.

Zamu zimeandikwa ukutani, mahali palepale pa ile hesabu ya saa. Mimi nina usiku tatu kwa wiki, binti mkubwa moja, Mwalimu tatu. Usiku wake wa kwanza aliamka kwa mlio wa kwanza, akajaza zote, asubuhi akalala akiwa amesimama mbele ya darasa, na wanafunzi, kwa malezi mema aliyowapa, hawakumwamsha.

Mwezi mpevu ujao unaangukia katikati ya mitihani ya Taifa. Mwalimu hatapumzika. Sisi wengine tutapumzika, na zamu ya maji usiku huo ni yake.