Heko, Nukta ya Desimali

Washairi wamekwisha kuwasifu wafalme, mashujaa na warembo wote. Nukta ya desimali haijapata hata ubeti mmoja. Acha basi mimi nijitose.

Nasaba yake ni ya heshima. Euclid, yule mwanajiometri wa Aleksandria, alisema nukta haina sehemu. Yaani haina urefu, haina upana, wala huwezi kuikata vipande. Ungedhani kiumbe kama hicho kingekosa kazi Nairobi. Kumbe ndicho kigogo! Itazame kwenye hatimiliki ya ploti ya futi 50 kwa 100 kule Uthiru. Eneo huandikwa kwa hekta, na hapo ni kama 0.046. Isogeze nukta hatua moja tu kulia: 0.46, zaidi ya ekari nzima, na mwenye ploti amekuwa bwana shamba bila kuchimba hata shimo la kigingi. Hakuna wakili wa Milimani awezaye hayo kwa siku moja.

Dalali naye anaijua vyema, ndiyo maana huikwepa. Atakuuzia "thumuni ya ekari", hatasema 0.125. Thumuni hasa ni futi mraba 5,445. Hizo 50 kwa 100 ni 5,000. Ukimuuliza zile 445 ziko wapi, atakuonyesha barabara, ambayo nayo haijapasuliwa.

Tena nukta haina tamaa ya kuonekana na maana. Oktoba 2023 lita ya petroli jijini ilikuwa shilingi 217.36. Hizo senti 36 hakuna mhudumu wa kituo cha Westlands aliyezishika mkononi, lakini nukta ilisimama pale ubaoni kama askari anayelinda geti la nyumba isiyo na mtu.

Lakini utukufu wake kamili uko kwenye daftari la hesabu, Kawangware, saa mbili usiku. Tafuta eneo la mstatili wa mita 0.3 kwa 0.2. Mtoto anaandika 0.6, anafuta mpaka karatasi inachanika, anaandika 0.06. Mamake, ambaye hupiga hesabu za sukuma wiki na nyanya kichwani bila kukosea hata shilingi, anainama kutazama.

"Umezidisha, halafu zikapungua?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi huyo mwalimu wako asije akauza kibandani kwangu."