Unga Uliokwenda Mwezini

Ukioa, msomaji mwenzangu, huoi mke peke yake. Mimi nilimpata wangu hapahapa Mjimwema, mke mwema kabisa, nikapewa na nyongeza: kaka yake tunayemwita Shemeji Ushahidi. Alitoka Namtumbo kuja kutusalimia tu. Leo ana kikombe chake, ndala zake na upande wake wa kochi. Anasema anatafuta kazi. Ninachokiona mimi ni mtu anayetazama video kwenye simu kwa bando langu, kisha anatuuliza mezani, "Ushahidi uko wapi?" Aliwahi kudai ushahidi kwamba maharage tuliyopakuliwa ni ya siku ileile. Swali zuri, lakini huulizi mbele ya mpishi.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa. Kwetu Songea ni kiangazi, anga safi, na ile baridi inayotafuta mifupa. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa msibani kwa jirani, kaniachia sufuria ya maharage jikoni na neno moja: "Angalia." Saa mbili na nusu usiku mwezi ukawa mwekundu wote, ukakaa hivyo dakika 82. Nikatoa viti vya plastiki uani, nikaanza kuwaeleza watoto habari za kivuli cha dunia.

"Shemeji," Ushahidi akanikata, "hivi unaamini kweli kuna watu walikanyaga pale?"

Mwenye akili angekunywa chai yake. Mimi nikajibu: watu 12, safari sita, kuanzia Julai 1969. Basi nikawa nimeyataka. Bendera inapepeaje pasipo upepo? Nyota ziko wapi pichani? Vumbi kavu linashikaje unyayo? Mbona tangu Desemba 1972 hawajarudi? Nikamwambia bendera ilipitishiwa fimbo juu, ikatanda na mikunjo yake. Nyota hazikutokea kwa sababu kamera ilipimwa kwa jua kali. Kurudi ni fedha. Tena waliacha vioo ambavyo wataalamu wanavimulika kwa leza hadi leo, ndivyo tulivyojua kwamba mwezi unatuhama sentimita 3.8 kila mwaka. Nikamtazama alivyojinyoosha kitini, nikaionea dunia wivu: mgeni wake angalau anasogea.

Hapo akaingilia Jaji Mkuu, yaani mama mkwe, aliyejifunga vitenge viwili kwa baridi. (Jina hilo nalitumia moyoni tu. Usinichongee.)

"Baba Neema, mwaka huo mimi nilikuwa binti. Tuliisikia kwenye redio ya katekista. Redio ilisema, sawa. Nani aliona?"

Alinibana. Armstrong, wa kwanza wao, alipokanyaga mwezini, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 21, saa kumi na mbili kasoro dakika nne, na Tanzania Bara haikupata televisheni mpaka 1994. Tena mama ni mtu wa Songea. Wazee wa hapa waliambiwa maji yatazilainisha risasi za Mjerumani, na kila tarehe 27 Februari tunakwenda Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Huwezi kumlaumu mtu wa namna hiyo akitaka aone kwanza.

Nikajaribu njia nyingine. "Mama, wakati ule Marekani na Urusi walikuwa kama wake wenza. Huyu angedanganya, yule angenyamaza?"

"Wake wenza hupatana, baba, siku wanapotaka kumkomoa mume."

"Mume hapo nani?"

"Si ninyi mnaokodoa macho juu."

Shemeji akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha akakimbilia Zanzibar: kama Wamarekani hawakuwa na siri, mbona kituo chao cha anga kiliondolewa kule mwaka 1964? Kituo kilikuwepo, hilo kweli. Kilifuatilia chombo cha John Glenn tarehe 20 Februari 1962 alipoizunguka dunia mara tatu, na tangu awali walikuwepo wanasiasa waliokipinga wakihofia ni mlango wa makombora. Baada ya Mapinduzi kikang'olewa. Lakini hiyo ni miaka mitano kabla ya mtu kufika mwezini! Nilikuwa nimesimama, nanyoosha kidole angani kama mhubiri, nilipomsikia Mama Neema kibarazani.

"Ni nini hiki?"

Mwanetu wa pili, Injinia, hasemi sana. Yeye hufanya majaribio. Alikuwa amelichukua lile suala la unyayo, akamwaga kibarazani nusu ndoo ya unga uliotoka mashine jana yake, akausawazisha kwa sahani, akapita juu. Na jaribio lilifaulu! Unga mkavu ulishika kila mstari wa soli. Ila alikuwa amevaa gambuti zangu, namba 44, na mwenyewe alishajifunika blanketi anakoroma kwa bidii. Jikoni moshi wa maharage ulikuwa unatoka dirishani.

Shemeji akachuchumaa na tochi ya simu, akazitazama zile nyayo, akanitazama miguuni.

"Dada," akasema, "leo ushahidi upo."

Nikashika ufagio. Unga wa juu niliuokoa kwa chekeche, wa chini nikawawekea kuku. Mama Neema alisimama juu yangu mikono kiunoni, na Jaji Mkuu akamsomea kesi yote, tangu bendera mpaka wake wenza.

"Kutoka huko walileta nini?" Mama Neema akaniuliza.

"Mawe," nikajibu nikiwa nimeinama. "Kilo 382."

"Wanaume 12, safari yote hiyo, wamerudi na mawe?" Akaguna. "Basi walikwenda. Wangekuwa wanadanganya wangesema dhahabu."

Mama mkwe akaafiki. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kutafuta sahani ya maharage yaliyoungua.