Jinsi ya Kumwandaa Mkufunzi Asiyemfundisha Mtu

Ndugu yangu, hongera. Mtandao wa wakulima umekukabidhi kazi ya kuwaandaa wakufunzi wa kujitolea, watu 20, kutoka Ilongero, Mtinko, Merya na Mudida mkoani Singida. Hesabu unaijua: kila mmoja akirudi kwake anafundisha 10, na kila mmoja wa hao 10 anafundisha 10 wengine. Kabla alizeti haijakomaa una watu 2,000, wote wamekaa kwenye karatasi bila kusukumana. Basi sogea karibu, maana kazi hii ina njia ya mkato.

1. Ita mafunzo mwezi Januari. Singida mvua ni ya msimu mmoja, na Januari kila mwenye shamba ameinamia palizi. Hatakuja. Atakuja yule ambaye jembe lake linashinda uvunguni, na huyo ana muda mwingi, hana haraka ya kurudi, wala hatakuuliza swali lenye udongo.

2. Usichague watu mwenyewe. Mwombe mwenyekiti akuletee "wanaojua kujieleza". Ataleta mtoto wa dada yake, shemeji yake, na kijana wa bodaboda aliyemleta shemeji. Kati yao mtafute mwenye begi la mradi uliokwisha zamani, maandishi yamefifia, zipu imekufa. Huyo ni mtaji. Ameshahudhuria mafunzo mengi kuliko wewe. Ukiuliza matarajio, atasema "kupata ujuzi". Ukiuliza hofu, atasema "muda hautatosha". Bango kitita la kwanza limejaa na chai haijapoa. Mpe uenyekiti wa darasa, atakulinda.

3. Mada ndiyo yenye hatari, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kilichowaleta watu hawa kwenye mtandao ni kitu kimoja: lumbesa. Mkulima wa vitunguu anauza gunia, mnunuzi analivisha kilemba cha wavu, analishindilia kwa mguu, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mzigo usizidi kilo 100, na kila mtu sokoni anajua hivyo, pamoja na anayeshindilia. Sasa, ukisema "lumbesa" asubuhi, mchana utakuwa na watu 20 wenye hasira na mpango. Watataka kujua mzani unauzwa bei gani, nani atausimamia, na mnunuzi akigoma siku ya kwanza watakula nini siku ya pili. Hayo yote ni maswali ya kazi. Andika badala yake: "Uhamasishaji Shirikishi katika Mnyororo wa Thamani wa Mazao ya Bustani". Soma polepole, mara mbili. Hasira itashuka yenyewe kama povu la uji.

Na Kinyaturu kikae mlangoni na viatu. Mtu akianza kueleza jambo kwa lugha ya mama yake, wenzake wataelewa, na wakielewa watabishana. Mkumbushe kwa upole kwamba kanuni za mafunzo zilipitishwa na wote.

4. Atakuwepo mzee mmoja wa kukuharibia. Kwanza, akisikia mafunzo ya wakufunzi mnayaita TOT, atauliza kama ile bendi ya marehemu Kapteni Komba bado inapiga. Cheka naye. Pili, atakukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya. Hapo usicheke, maana mzee ana hoja: mwaka 1973 kampeni ile iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kwa ngazi hizi hizi unazotumia wewe, na watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundini nchi nzima. Ila wenzako wale walikuwa na redio. Kiongozi wa kikundi hata akisahau nusu ya aliyofundishwa, sauti ilitoka Dar es Salaam ikasema yale yale kwa kila kijiji, kijitabu kilikuwepo mkononi, na mwisho likabaki swali la kijinga sana: choo tunachimba lini? Ukiona swali la aina hiyo linanyemelea ukumbi wako, tangaza chai.

5. Wachangamshe. Makofi ya kilo, makofi ya mvua, simama-kaa, simba anakuja. Mtu mzima akishaigiza simba mbele ya shemeji yake, ataona aibu kudai kwamba hajajifunza kitu.

6. Zoezi la kufundisha liwe la mwisho, siku ya tatu, saa tisa alasiri. Mkufunzi huiva kwa kusimama mbele ya wenzake, akaboronga, akasahihishwa, akasimama tena. Mimi na wewe tunalijua hilo, na ndiyo sababu kipindi kimepangwa saa ambayo mhasibu ameshaketi nyuma na bahasha zake za nauli. Mshiriki wa kwanza atafundisha dakika mbili huku akimtazama mhasibu. Wa pili atasema anaunga mkono hoja ya mwenzake. Piga makofi ya kilo, funga.

7. Vyeti. Hapa usibane matumizi. Karatasi nene, ukingo wa dhahabu, jina lisilokosewa herufi. Neno "Mkufunzi" liwe kubwa kuliko jina la mtandao. Cheti kitatundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi, na mwenye nacho hataruhusu mtu amuulize tena kitu asichokijua. Ongeza fulana. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, ilianzishwa na wakulima 22 mwaka 1993, na kauli yake ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kauli tamu hiyo. Mtandao wako nao ukibuni ya kwake, ichape mgongoni, mahali ambapo mvaaji hawezi kuisoma.

8. Ufuatiliaji: fungua kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza salamu, ya pili msiba, ya tatu mtu anauza simu. Umefuatilia.

9. Mwisho, ziara ya kijijini, kwa sababu wafadhili wanapenda picha yenye vumbi. Nenda na kijana wa bodaboda, mwenye cheti. Njiani mnaweza kumkuta mama mmoja ambaye jina lake halimo popote kwenye orodha yako, Januari alikuwa anapalilia. Yeye na majirani zake wamechanga, wamenunua mzani wa kuning'iniza, wameufunga kwenye mti nje ya ua, na hakuna gunia la kitunguu linalotoka pale kabla halijaning'inia. Wanawake wa kitongoji cha pili wamekuja kutazama. Mmoja anashika kamba, mwingine anasoma namba kwa sauti, na mama anawaambia kwa Kinyaturu rudieni, mmesoma vibaya.

Usibabaike. Msalimie, "Shikamoo mama," kwa heshima zote. Toa karatasi ya mahudhurio, aandike jina, aweke na dole gumba. Mvalishe fulana. Piga picha, mzani uonekane, na kijana wako asimame mbele kidogo, kidole kikielekeza namba. Kisha panda pikipiki uondoke, kabla hajakukabidhi na wewe kamba.