Sifa za Ukuta Unaokwaruza

Barabara Kuu ya Thika ilisifiwa sana kwa ulaini ilipofunguliwa mwaka 2012. Haya basi. Mimi nausifu mkwaruzo, tena ule usioonekana na mtu: kutu, magamba ya unga na makovu ya nyundo ndani ya saikloni ya kinu cha posho.

Saikloni ni lile pipa la bati jembamba chini, lililoning'inizwa juu ya gunia. Tangu Mmarekani John Finch aipatie hataza mwaka 1885, kazi yake haijabadilika. Hewa iliyobeba unga huingizwa kwa ubavu, ikateremka ikizunguka. Unga hutupwa ukutani na kuporomoka guniani, hewa nayo hugeuka chini, ikapanda katikati na kutokea juu. Ukuta ukiwa laini, karibu unga wote humfikia mwenye mahindi. Uchoyo ulioje!

Fundi wa jua kali ndiye huanza kuurekebisha uchoyo huo. Nje hupiga msasa na rangi. Ndani huacha mshono wa kuchomelea umetuna, maana nani atatia mkono humo? Kisha huja mahindi ambayo hayajakauka. Mvuke wa unga moto hukutana na bati baridi la asubuhi, unga ukagandamana, kutu ikafuata. Saikloni ikiziba, mwenye kinu huigonga kwa nyundo. Kila pigo huacha uvimbe upande wa ndani, uvimbe hushika unga zaidi, na nyundo huitwa tena. Ajira ya kudumu.

Mkwaruzo una sayansi yake pia. Mwaka 1933 mhandisi Johann Nikuradse, kule Göttingen, Ujerumani, alichapisha matokeo ya majaribio ya mabomba aliyoyabandika chembe za mchanga kwa ndani. Kwenye bomba lililonyooka, mkwaruzo huongeza ukinzani. Kwenye saikloni mambo hupinduka: nguvu nyingi huliwa na kule kuzunguka kwenyewe, basi ukuta unapoupokonya upepo mzunguko wake, shinikizo linalopotea njiani hupungua. Anayesoma kipimo cha shinikizo peke yake atafurahi. Nani mwingine huharibu kazi na papo hapo akapongezwa kwa kupunguza gharama? (Wapo, lakini wana ofisi.)

Kinachopotea hakimo kwenye kipimo hicho. Kasi ya mzunguko ikishuka kwa nusu, nguvu ya kuitupa chembe ukutani hubaki robo. Chembe nzito bado zitaanguka. Zile laini kabisa, za chini ya mikroni 10, zilikuwa ngumu kukamata hata bati lilipokuwa jipya. Sasa huondoka na upepo. Nyingine hugonga uvimbe, zikadunda na kurudi katikati, zikapanda nje.

Hapo ndipo ukarimu unapoanza. Kuku wa mtaa wa Kiandutu, Thika, huokota, sukuma wiki ya jirani zao wa Makongeni hupakwa poda, na nguo zilizoanikwa Ruiru huzeeka kabla ya mwenyewe. Mwenye kinu naye hupata hoja.

"Boss, nimeleta gorogoro mbili, mbona unga ni kidogo hivi?"

"Mama, mahindi yako yalikuwa na maji."

Na hasemi uongo wote. Kijana anayeshika gunia hakuleta hata gorogoro moja, lakini mapafu yake hupata fungu kila siku. Kanuni za ubora wa hewa hazina kipengele cha kushukuru kwa zawadi kama hiyo, kasoro ambayo ningependa NEMA, mamlaka ya mazingira, iitazame.

Viwanda vikubwa vya unga hufunga vichujio vya kitambaa baada ya saikloni na kujinyima raha hii yote. Kinu cha mtaani hakina uchoyo huo. Naiomba Kaunti ya Kiambu iutangaze ukuta huu kuwa turathi. Fundi atakayeonekana akipanda ngazi na grainda, akitaka kulainisha mshono kwa ndani, aulizwe kwanza ametumwa na nani, na kama kuku wameshirikishwa.