Namna ya Kuosha Mawe ya Madini Bila Kufukuzwa Kwenye Nyumba

Hongera, ndugu mpenda mawe. Wenzako wanakusanya hati za viwanja. Wewe una kabati lenye tanzanite ya Mererani, rubi ya Longido iliyozama ndani ya jiwe la kijani, jasi ya Makanya na malakiti uliyoletewa na shemeji kutoka Lubumbashi. Tatizo ni kwamba yote yana udongo, na wewe umepanga chumba na sebule ghorofa ya nne, Upanga, mnachangia bomba la maji machafu na jengo zima. Fuata hatua hizi.

1. Jua unachoosha. Mwenye haraka hutumbukiza mawe yote kwenye beseni moja kama nguo za wiki. Matokeo yake ni ya uhakika: jiwe la chumvi litayeyuka lote, ubaki na beseni. Jasi nayo huyeyuka kidogo kidogo, tena ni laini hata ukucha unaichora. Hiyo ipanguse kwa brashi kavu ya kuchorea, kisha uiache ipumzike.

2. Nunua vifaa. Mswaki laini, sabuni ya maji, vijiti vya meno, ndoo. Mswaki uwe wa mawe tu. Ukiuweka kikombe kimoja na wa mwenzi wako, kikao cha wazee wa pande mbili kitakuhusu. Kwa kusuuza mara ya mwisho, tumia maji ya betri ya kituo cha mafuta, kwa kuwa hayaachi madoa meupe. Ila soma lebo. Chupa ya pembeni yake huenda ni asidi ya betri, na muuzaji hatakuuliza unaosha nini.

3. Maji yawe ya uvuguvugu. Ukiitoa tanzanite kwenye maji ya moto ukaitia kwenye baridi, unaweza kujikuta na tanzanite mbili. Usishangilie, bei ya zote mbili haitafika ya ile moja.

4. Tope lisiende kwenye sinki. Liache litulie ndooni usiku kucha, umwage maji ya juu, tope lifunge kwenye mfuko. Fundi bomba akikuta mchanga wa Mererani kwenye bomba atadhani wewe ni mchimbaji, na atakutoza kama mchimbaji. Wala usikwangue jiwe likiwa kavu: vumbi la kwatsi likishaingia mapafuni halitoki, na la malakiti ni sumu ya shaba.

5. Sasa asidi, sehemu uliyokuwa ukiisubiri. Kuna mjuzi atakuambia utie siki. Ukiimimina kwenye malakiti au kalisaiti utaona povu, ufurahi kwamba uchafu unatoka. Kinachotoka ni jiwe. Atakuambia pia kuhusu asidi ya oksaliki, ambayo kweli huondoa kutu kwenye kwatsi. Ni kweli vilevile kwamba hudhuru figo, na ukiichemsha jikoni mvuke wake utapanda hadi kwa mama wa ghorofa ya tano anayechoma vitumbua. Kwatsi yenye kutu iite ya kahawia, uwaambie wageni ndiyo rangi yake.

Ukichanganya dawa ya choo yenye asidi na Jik, utapata gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwapulizia maadui zake huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Jirani anayepiga muziki usiku anaudhi, lakini hajafikia hapo.

Kuhusu asidi ya haidrofluoriki sina utani. Hupenya ngozi, mwanzoni huenda usisikie maumivu, kisha huinyima damu kalsiamu na moyo unaweza kusimama. Isiingie kwenye nyumba wanamoishi watu.

6. Jua kuacha. Mawe mengi yanatosheka na maji, sabuni, mswaki na mtu asiye na pupa. Yanayokataa, mpelekee mwenye maabara, au yakae kabatini na udongo wake. Jiwe chafu unaweza kuliosha hata mwakani. Lililoyeyuka halina mwakani. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa ugali.